Goli Lililokwama Kwenye CD

Kwa miaka kumi na saba mama yangu na shangazi yangu walibishania goli moja la mpira wa pete, na muda wote huo ushahidi ulikuwa kabatini kwetu, kwenye CD ndogo ambayo hakuna mashine iliyokubali kuisoma.

Niseme kwanza hawa wanawake wawili ni akina nani. Mama anauza maharage na mahindi sokoni Handeni. Shangazi ni dada wa baba. Aliolewa Korogwe, anakaa Masuguru, na miaka yote ameuza machungwa katika soko la kule. Wanaitana wifi. Wanapendana, nalisema hilo bila wasiwasi, lakini ni mapenzi ya watu ambao hata wakimenya viazi pamoja, kila mmoja anamchungulia mwenzake amefikia kiazi cha ngapi. Mwaka wa goli hilo wanawake wa soko la Handeni walialikwa bonanza na wanawake wa soko la Korogwe, na zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Mama alikuwa mfungaji wa Handeni. Aliyepangwa kumkaba, pale chini ya pete, alikuwa shangazi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa na matubwitubwi, mashavu yamejaa mpaka macho yamebaki mistari, nikaachwa kwa bibi. Kwa hiyo ninachokijua nilikipata kwa midomo miwili isiyoelewana. Wote wawili walikubali kwamba matokeo yalikuwa tisa kwa tisa, kwamba muda ulikuwa ukingoni kabisa, na kwamba mama alipata mpira akarusha. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. Mama alisema mpira ulipita katikati ya pete, safi, kabla ya filimbi. Shangazi alisema uligonga chuma ukaangukia nje. Pete ya uwanja ule haikuwa na wavu, na mwamuzi alikuwa amesimama upande ambao jua lilimpiga machoni, hivyo akatangaza sare. Wakarusha shilingi. Korogwe wakaondoka na mbuzi.

Baba alikuwepo uwanjani siku ile. Huyu ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine, na kila Idi, mara nyama ikishapakuliwa, aliombwa aseme alichokiona. Jibu lake halikubadilika hata neno. Alisema wakati huo alikuwa amekwenda kutafuta kamba ya mbuzi.

Bonanza lilirekodiwa na mzee mmoja aliyekuwa akipiga video za harusi pale Masuguru. Kamera yake haikutumia mkanda. Ilitumia CD ndogo, upana wa kifuniko cha chupa ya chai. Mchezo ulipokwisha mama alimganda mpaka akampa ile CD, akairudisha nyumbani kifuani kama mtoto mchanga. Akaiweka kwenye deki. Deki ikaunguruma, ikafikiri, ikaandika kwamba hakuna CD ndani. Akaipeleka kwa jirani, akaipeleka kwenye banda la video, akampelekea hata mwalimu mkuu wa shule yetu. Kila mashine ilisema hivyo hivyo. Mwishowe akaifungia kwenye kikopo cha sabuni, na shangazi akawa anawaambia wateja wake kwamba wifi yake wa Handeni ana kioo kizuri sana cha kujipakia wanja.

Mimi sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Handeni. Likizo ya mwaka jana nilikuwa natafuta sindano kwenye kabati la mama, nikafungua kikopo cha sabuni, nikaikuta. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango akakuta wageni wamekaa kimya wanamsubiri. Sikumuaga mama, hata chai sikunywa. Nilivaa viatu nikaenda kwa fundi wa kompyuta karibu na stendi, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine utosini.

Fundi hakuiweka kwenye mashine kwanza. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kwamba sehemu kubwa ya CD ilikuwa na rangi iliyokolea kidogo, na ukingoni tu palikuwa na duara jembamba jeupe zaidi. Pale palipokolea ndipo palipoandikwa, akaniambia. Kumbe vitu vimo.

"Ila dada," akasema, "hii haijafungwa."

Akanieleza taratibu. Kamera za aina ile zikimaliza kurekodi zilitakiwa zipewe amri ya mwisho, ziandike kwenye CD kitu kama orodha ya yaliyomo. Bila orodha hiyo mashine nyingine zinaona CD tupu. Kompyuta yake ya zamani alijaribu mbele yangu, ikashindwa. Alisema dawa ya uhakika ni moja, kamera ile ile iliyorekodi, au nyingine ya ukoo wake, iamriwe ifunge. Baada ya hapo hata yeye angeweza kunitolea picha na kuziweka kwenye flashi.

Nikampigia mama simu nikiwa bado nimesimama dukani. Nilikuwa na haraka, nikamwambia fundi anasema haijafungwa.

"Nani kasema halijafungwa?" mama akauliza. "Yeye alikuwepo uwanjani?"

Ilinichukua muda kumwelewesha kwamba tunazungumzia CD wala si goli. Fundi aliegemea meza akicheka mpaka miwani ya utosini ikadondoka. Toka siku hiyo neno hilo kufunga lilituharibu kabisa. Mtu asingeweza kuagiza mlango ufungwe nyumbani kwetu bila mwingine kuuliza kwa ushahidi gani.

Habari zilifika Masuguru kabla sijafika nyumbani. Shangazi alinipigia, akasalimia haraka haraka, akasema kama kuna mtu anakwenda kumtafuta yule mpiga video basi yeye anakwenda pia, maana ushahidi hauachwi mikononi mwa upande mmoja. Nikamuuliza kama anajua anapoishi. Akasema yule mzee aliacha kazi zamani, akarudi kwao Lutindi kulima iliki na migomba, na nyumba yake si mbali na misheni. Kumbe alikuwa akijua miaka yote.

Tulikutana Korogwe asubuhi ya Jumamosi, sisi watatu. Mama alikuwa amevaa kama anayekwenda kuposa. CD nilikuwa nayo mimi, ndani ya kikopo chake, ndani ya mkoba, na wote wawili walinitaka niufungue mkoba wahakikishe kabla hatujapanda pikipiki za kutupeleka mlimani. Kila mmoja na yake, shangazi mbele, mimi katikati, mama nyuma akilinda. Kila zilipopunguza mwendo kwenye kona, shangazi aligeuka kuniangalia mkoba na mama akapaza sauti kumwambia atazame mbele. Baridi ilituanza nusu ya safari. Nilikuwa nacheka peke yangu huku machozi yakinitoka kwa upepo, na dereva wangu akaniuliza kwa upole kama tunakwenda msibani.

Mpiga video alikuwa uani akianika iliki kwenye turubai. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika, kisha akawaona waliokuwa nyuma yangu. Alisimama na chekecheke lake mkononi kama mtu aliyefikiwa na polisi.

"Mmekuja kwa ajili ya ile CD," akasema.

Alitukaribisha ndani, mkewe akaleta chai, na maelezo yake yalikuwa hivi. Siku ya bonanza betri ilikuwa imebaki kidogo. Kufunga CD kunataka dakika kadhaa za umeme usiokatika, na betri ilizima pale pale filimbi ya mwisho ilipolia na watu wakaanza kubishana. Mama alipomganda, alimpa CD hivyo hivyo, akidhani atamwomba amrudishie kesho yake aimalizie nyumbani. Lakini kesho yake alisikia kwamba watu wa mji mzima wamegawanyika, na kwamba wifi wawili hawasalimiani kwa sababu ya kilichomo humo ndani. Akaogopa. Aliona CD ikifunguka, upande mmoja utamchukia, akaamua kukaa kimya wiki moja mpaka mambo yapoe. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka.

Mama akamwambia kwamba mambo hayajapoa.

Kamera ilikuwepo. Aliitoa kwenye sanduku, imeviringishwa kwenye shati lake jeupe la kazini, na nilipoona kile kifuniko cha mviringo ubavuni nilitamani kukibusu. Lakini betri ilikuwa imevimba, kioo kidogo cha pembeni kilikuwa kimekufa, na waya wa chaja ulikuwa umetafunwa na panya vipande vitatu. Shangazi alitazama vipande vile akasema basi, imekuwa kheri, tumejaribu. Nadhani mama alimtilia shaka hapo hapo. Akasema panya wa Lutindi hawawezi kumnyima goli lake, akamuuliza mzee chaja ya namna ile inaweza kupatikana wapi. Mzee akafikiri, akasema labda Segera, kwa yule anayeuza chaja kuukuu, lakini kamera yake haiendi popote bila yeye. Akavaa koti na kofia. Mkewe alimfungia ndizi mbivu za njiani, na tukashuka mlima tukiwa wanne.

Pale Segera, nyuma ya wauza machungwa na mayai ya kuchemsha, alikuwepo mtu ambaye kibanda chake kizima kilikuwa nyaya. Zilining'inia mbele, pembeni na juu ya kichwa chake. Mzee aliisoma namba iliyoandikwa chini ya kamera, mwenye kibanda akawa anatafuta chaja za nguvu ile ile, na sisi tukawa tunajaribu moja baada ya nyingine kwenye tundu la kamera. Nyingi zilikataa kuingia. Nyingine ziliingia zikalegea. Mama na shangazi waliacha kubishana bila kujua, wakawa wanapokezana nyaya kama watu wanaofuma mkeka. Kisha moja ikaingia vizuri kabisa, na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama ikawaka kwenye kamera. Shangazi alimkumbatia mwenye kibanda. Sijui kwa nini alifurahi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Nadhani furaha ya taa ile haikuwa na timu.

Tulifika Masuguru mchana. Hapo tukakuta tatizo jipya, kwamba televisheni bapa ya shangazi haina matundu ya zile nyaya tatu za rangi za kamera, njano, nyekundu na nyeupe. Bahati nzuri jirani yake alikuwa bado na televisheni ya zamani ya chogo, ameiweka ukumbini imebeba maua ya plastiki. Akaitoa kwa sharti moja, kwamba naye aje kuangalia. Alikuja. Walikuja na wengine, maana wanawake wa timu ya Korogwe wengi bado wako sokoni pale pale, na ulikuwa mchana wa Jumamosi, na mtu mmoja akimwambia mwenzake basi umelitangazia soko. Wakajaa sebuleni, wakajaa mlangoni. Wa Handeni alikuwa mama peke yake, na mimi.

Mama alitaka tuangalie mara moja. Mzee akakataa. Alisema CD ya umri ule inaweza kukata tamaa wakati wowote, tuifunge kwanza, na wakati inafungwa mtu yeyote asitingishe meza. Akabonyeza, maandishi yakatokea kwenye chogo, mstari mwembamba ukaanza kujaa kutoka kushoto. Nimekaa kwenye vyumba vya mitihani sijawahi kuona kimya cha namna ile. Wanawake ishirini wameshikilia magoti. Mtu mmoja akataka kupiga chafya, akazibwa pua na mwenzake. Mimi kicheko kilinipanda kutoka tumboni, nikauma mtandio, nikamwona na mama ameuma wa kwake, na tukajua tukitazamana tu tumekwisha, kwa hiyo kila mmoja akatazama ukuta wake. Mstari ukafika mwisho. Kamera ikalia mara moja, kidogo tu.

"Imefungwa," mzee akasema, na kicheko chote kile kikatoka kwa pamoja.

CD nzima ilikuwa na nusu saa. Karibu nusu yake ilikuwa hotuba ya mgeni rasmi. Kisha ukaja mbuzi, dakika nne nzima, mbuzi kutoka kila upande, mpaka tukamgeukia mzee, naye akasema alikuwa mbuzi mzuri. Ndipo wakaja wachezaji wenyewe. Vijana, jamani. Wamevaa suruali za michezo na juu yake khanga, vilemba vimekazwa, wanakimbia. Sebuleni kila mtu akawa anajitafuta na kumtafuta mwenzake, wakionyeshana viuno walivyokuwa navyo. Mmoja wao alikuwa amekwishafariki, na alipopita mbele ya kamera akiwa na mpira, wakanyamaza kidogo kumwombea, kisha akateleza akaanguka matako chini, wakacheka naye.

Matokeo yakafika tisa kwa tisa. Mama akapata mpira. Shangazi wa kwenye chogo akanyoosha mikono juu, na shangazi wa sebuleni akashusha macho chini. Mama akarusha. Mpira ukagonga chuma, ukadunda juu, ukaanza kuangukia nje, kama shangazi alivyosema miaka yote. Halafu mkono ukaruka kuufuata uupige mbali zaidi, mkono wa shangazi mwenyewe, ukaugusa vibaya, ukausukuma, na mpira ukapita katikati ya pete, taratibu, kama unaingizwa na mpishi chunguni. Ndipo filimbi ikalia.

Mzee alirudisha nyuma bila kuambiwa. Tuliangalia tena. Safari ya tatu nikamwona mwanamume aliyesimama hatua nne nyuma ya pete, mikono yote miwili kichwani, mdomo wazi, macho yamekodolea mpira. Alikuwa baba. Mkononi hakuwa na kamba yoyote.

Mama aliniomba simu. Nikampigia baba, nikaiweka kwenye spika, sebule nzima ikajibana midomo. Mama akamsalimia vizuri, akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji, kisha akasema, "Baba watoto, hebu nikumbushe. Lile goli langu, ulikuwa wapi?"

"Si nilishakuambia," baba akasema, bila hata kupumua. "Nilikwenda kutafuta kamba ya mbuzi."

Sidhani baba alisikia kilichofuata, maana simu ilianguka. Mama aliteleza kwenye kochi mpaka sakafuni, kilemba upande. Yule jirani mwenye chogo alitoka nje akiegemea ukuta. Mimi nililia kwa kucheka mpaka mbavu ziliniuma siku mbili.

Shangazi hakucheka mara moja. Alisubiri, akamkalia mama ubavuni pale chini sakafuni, akasema, "Nilijua, wifi. Niliusikia kwenye vidole. Nikaona aibu kusema ni mimi niliyewafungia."

Mama akajifuta macho. Nilikuwa na hofu ndogo hapo, kwa sababu miaka kumi na saba ni mingi. Lakini alichouliza ni kama yule mbuzi alikuwa mtamu.

"Mgumu," shangazi akasema. "Tulimpika toka asubuhi mpaka alasiri, bado meno yakauma."

Nimemwona mama akifurahi harusini na kwenye mavuno, lakini furaha ile aliyoipata aliposikia kwamba mbuzi alikuwa mgumu sijaiona tena. Alimshika shangazi shingoni, wakacheka paji kwa paji. Na kwenye chogo, ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia tena, walikuwa wanafanya vile vile, vijana wawili wamelala kwenye vumbi chini ya pete wakicheka, sekunde chache kabla ya betri kuzima. Nilipowaonyesha, wote wawili walisema hawakumbuki kabisa kama siku ile walicheka.

Mzee hakurudi Lutindi jioni hiyo. Kabla hajamaliza kukunja nyaya zake, mwanamke mmoja alikwenda nyumbani kwake na kurudi na CD ndogo ya harusi yake, ambayo nayo haikuwahi kufunguka. Kesho yake walikuja wengine watatu. Kumbe alikuwa na desturi ya kusahau kufunga. Mkewe alimletea nguo, na kwa wiki mbili zilizobaki za likizo yangu alikaa barazani kwa shangazi na kamera yake na ile chogo, akifunga CD za watu wa Korogwe, na mimi nikiandika majina na kuzipeleka Handeni kwa fundi azihamishie kwenye flashi. Nilikuwa naamka na hamu kama ya kuamkia sikukuu. Watu walikuja wakiwa na haya, wakaondoka wakiwa wanaongea wote kwa mpigo.

Siku yangu ya mwisho alikuja mama mmoja mnene, mtulivu, na CD iliyofungwa kwenye leso. Alikuwa ameolewa miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo wakwe zake walimsimanga kwamba kwenye harusi yake pilau halikutosha. Mzee akafunga, tukaangalia. Bwana harusi akapita, bibi harusi akapita, yeye akasema tuendelee. Kisha kamera ikazunguka nyuma ya ukumbi, na pale chini zikaonekana sufuria tatu kubwa, vifuniko wazi, pilau limejaa mpaka ukingoni, na wapishi wamekaa wanapiga soga.

Akamwomba mzee asimamishe hapo hapo. Alizitazama zile sufuria kwa muda mrefu, uso wake ukichanua taratibu, kisha akanigeukia akaniuliza kama ninaweza kumtolea nakala mbili, maana moja ataipeleka kwa mama mkwe yeye mwenyewe.